Jina na Nembo: Jinsi Watu wa Mwambao wa Tanganyika Walivyojijengea Sifa

Miaka hii wanafunzi wetu wengi wanataka kujipatia jina wakiwa bado darasani. Yuko anayekusudia kuuza mawese ya Rumonge kwa jina lake mwenyewe. Yuko mshonaji anayetafuta alama ya kutia kwenye ukosi wa kila nguo itokayo mkononi mwake. Na yuko kijana mtunzi aliyekwisha kuchora nembo ya kuweka juu ya karatasi zake kabla hajamaliza shairi la kwanza. Wote hao hutujia sisi walimu wa Kiswahili, wakiomba tuwachagulie neno litakalovutia. Ombi lao si la kuchekwa. Mtu asiyejulikana hauzi, wala hasomwi.

Hata hivyo, jambo lenyewe si geni kwetu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba watu wa mwambao wa Burundi, kutoka Rumonge kushuka hata Nyanza-Lac na Kabonga penye mpaka wa Tanzania, wameishi na mambo ya majina na alama kwa muda usiopungua miaka mia na hamsini. Mwambao huu haukuwa pembe iliyojitenga. Mitumbwi ilipita hapa ikitoka Ujiji kwenda Uvira, na kwa njia ya Ujiji na Tabora mwambao uliunganika na Bagamoyo na Unguja. Kwa hiyo tutalazimika mara kwa mara kuyatazama mambo ya mbali, kwa kuwa ndiyo yaliyofika kwetu.

Hoja yetu ni hii: alama mtu anaweza kujitengenezea kwa siku moja, lakini jina hutengenezwa na midomo ya watu wengine, na matendo ndiyo yanayoamua litasema nini.

Maneno yenyewe

Yafaa tuanze na maneno, maana humo mna historia. Neno *nembo*, ambalo leo hutumika kwa alama ya taifa, ya chama au ya kampuni, lilikuwa na maana nyingine katika kamusi za zamani. Lilikuwa ni chale zilizochanjwa usoni au mwilini ili kuonyesha kabila la mtu. Nembo basi haikuwa kitu cha kubandika na kubandua. Mtu aliibeba katika ngozi yake hadi kaburini, na aliyeiona alijua mwenye nembo ametoka wapi na watu wake ni akina nani.

Neno *chapa* lina asili ya Kihindi, nalo lilikuja pamoja na biashara ya nguo na bidhaa zilizopigwa alama. *Muhuri* limetoka katika Kiajemi, likahusu barua na hati za wenye mamlaka. *Rajamu* lilikuwa alama ya mfanyabiashara juu ya mizigo yake. *Lakabu*, lenye asili ya Kiarabu, ni jina ambalo mtu hupewa juu ya jina lake la kuzaliwa. Tena tunalo *jina la kupanga*, yaani jina ambalo mtu amejitwalia mwenyewe. Lugha yetu basi imekwisha kutenga mambo ambayo vijana huyachanganya: jina la kupewa, jina la kujitwalia, alama ya mwili, na alama ya mzigo.

Bidhaa zilizotangulia majina yao

Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858, na miezi michache baadaye wakasafiri kwa mitumbwi kuelekea kaskazini hata Uvira, wakiupitia mwambao huu wetu. Burton aliandika mengi juu ya shanga, kwa kuwa bila shanga msafiri hakuweza kununua chakula. Shanga hizo hazikuwa shanga tu. Kila aina ilikuwa na jina lake, na mfanyabiashara aliyeleta aina isiyotakiwa mahali fulani alibaki na mzigo wake. Shanga nyekundu ziliitwa samesame, na Burton anataja lakabu zake mbili: Kimarapamba, yaani kimaliza chakula, kwa sababu mtu alikuwa tayari kuacha mlo wake ili azipate, na Kifungamji, ambalo alilieleza kuwa ni chenye kuvunja mji, kwa jinsi wanawake walivyozipenda hata wakawafilisi waume zao. Lakabu hizo hazikubuniwa na waliozitengeneza shanga huko Ulaya. Zilibuniwa na wanunuzi na wapagazi wa njiani.

Vivyo hivyo nguo. Kitambaa cheupe kisichotiwa rangi, kilicholetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem katika jimbo la Massachusetts, kiliitwa *merikani*. Marekani ilifanya mkataba na Sultani wa Unguja mwaka 1833, na kwa muda wa miaka thelathini kitambaa hicho kikawa kama fedha katika bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipokatiza biashara hiyo, viwanda vya Uingereza na vya Bombay vilitafuta kuijaza nafasi. Lakini jina merikani halikufa. Watu waliendelea kukiita hivyo kitambaa cha namna ile hata kilipokuwa hakijaiona Marekani. Hapa tunapata funzo la kwanza: jina lililokwisha kuaminiwa lina nguvu kuliko kiwanda, na wengine wataling'ang'ania ili waipate imani iliyomo ndani yake.

Majina ya wakuu wa misafara

Msafara wa karne ya kumi na tisa ulijulikana kwa mbali. Mbele alikwenda kirangozi aliyebeba bendera nyekundu ya Unguja, na nyuma yake wapagazi, ngoma na milio ya bunduki. Vitu hivyo vilitangaza ni nani anayekuja kabla uso wake haujaonekana. Lakini bendera ilikuwa ya wote. Kilichomtenga mkuu mmoja na mwingine kilikuwa lakabu yake.

Mfano ulio maarufu kuliko yote ni wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyekufa Unguja mwaka 1905, na ambaye dunia nzima inamjua kwa jina la Tippu Tip. Jina hilo lina maelezo matatu. Wengine husema lilitokana na macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Yeye mwenyewe katika habari za maisha yake alisema kwamba ni wenyeji waliomwita hivyo kwa sauti ya bunduki zake, baada ya kumshinda Nsama mwaka 1867. David Livingstone, aliyekuwa katika nchi hiyo wakati huo, aliandika maelezo mengine kabisa: kwamba mtu huyo alisimama juu ya mali aliyoiteka kwa Nsama, akaikusanya pamoja, akajiita mwenyewe Tipo Tipo kwa maana ya mkusanya mali.

Tuyatazame maelezo hayo kwa makini, maana yanatufaa darasani. Katika la kwanza jina limetoka katika umbo la mtu, bila yeye kutaka. Katika la pili limetoka katika hofu ya walioshindwa. Katika la tatu ni jina la kupanga, limetangazwa na mwenyewe siku ya ushindi wake. Tippu Tip aliishi muda mrefu wa kutosha kuieleza habari yake kwa kalamu yake. Aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Heinrich Brode akaitoa kwa herufi za Kilatini pamoja na tafsiri ya Kijerumani, 1902 na 1903. Kitabu hicho ni miongoni mwa habari za maisha za kwanza zilizoandikwa na mtu mwenyewe katika lugha yetu. Tunaweza kusema bila kukosea kwamba alijua thamani ya kulieleza jina lake kabla wengine hawajalieleza kwa niaba yake.

Karibu zaidi na sisi alikuwa Muhammad bin Khalfan el Barwani, aliyekaa Ujiji katika miaka ya 1880, na ambaye mwambao wote ulimjua kwa jina la Rumaliza. Kwa sikio la msemaji wa Kiswahili jina hilo limebeba kitenzi *kumaliza*, na watu wa hapa hawakuhitaji kuelezwa. Watu wake waliushambulia mwambao wa Burundi wakitafuta pembe na mateka, wakazuiwa na majeshi ya Mwezi Gisabo wasiingie ndani ya nchi. Mwaka 1894 alishindwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, na mamlaka yake ng'ambo ya ziwa yakaisha. Mamlaka yaliisha, jina limebaki, nalo halisemi ukarimu.

Wa tatu ni Henry Morton Stanley. Alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, mtoto aliyelelewa katika nyumba ya maskini. Jina la Stanley alijitwalia Marekani. Jina hilo la kupanga lilimfikisha Ujiji mwaka 1871. Lakini watu wa Kongo, walipomwona akivunja mawe ili kupasua njia, wakampa lakabu ya Bula Matari, mvunja mawe. Baadaye lakabu hiyo haikubaki ya mtu mmoja. Iligeuka kuwa jina la serikali yote ya kikoloni ya Kongo, pamoja na kodi na viboko vyake. Alichojipangia Stanley kinasomwa vitabuni. Alichopewa na watu kilihukumu kazi yake.

Walionyang'anywa majina

Hatuwezi kuyasifu majina hayo makubwa bila kuwataja wale ambao majina yao yalipotea kwa sababu yake. Mtu aliyetekwa na kuuzwa alipokonywa kwanza jina. Aliitwa Baraka, Mabruki, Faraji, kama bwana wake alivyopenda, na jina aliloitwa na mama yake halikuandikwa popote.

Mmoja wao ni Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, alitekwa akiwa mtoto, akapelekwa India, na jina la mji wa Bombay likawa jina lake. Aliporudi Afrika alikuwa kiongozi na mkalimani wa Burton na Speke, akawa pamoja nao Ujiji mwaka 1858. Alikwenda tena na Speke na Grant hata Uganda na mto Naili, akaongoza msafara wa Stanley, kisha wa Cameron aliyevuka Afrika na kutokea pwani ya magharibi mwaka 1875. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunukia nishani ya fedha. Jina lake halikuwa lake kwa kuzaliwa wala kwa kupanga. Aliwekewa kama chapa ya mzigo. Lakini kwa miaka ipatayo ishirini kila aliyetaka kwenda bara aliulizia kama Bombay anapatikana. Katika wote tuliowataja, huyu ndiye aliyejijengea sifa kutoka mahali pa chini kabisa, wala hakuwa na bendera.

Majina juu ya jiwe na juu ya meli

Mtu apitaye kutoka Rumonge kwenda Bujumbura hufika Mugere, ambapo liko jiwe kubwa lenye maandishi ya majina ya Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25-XI-1871. Walipita hapo katika safari yao ya kwenda kuona kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Walikuta unaingia. Jiwe limewatunza majina kwa kuwa jiwe halina kazi nyingine. Halijibu swali la nani aliwavusha, nani aliwauzia chakula, wala kijiji hicho kiliitwaje kabla yao.

Meli inatufundisha zaidi. Wajerumani waliunda meli huko Papenburg mwaka 1913, wakaileta Kigoma vipande vipande, wakaiunganisha na kuishusha majini mwaka 1915. Waliipa jina la Graf von Götzen, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani tangu 1901 hadi 1906. Mwezi wa Julai 1916 wakaizamisha wenyewe ili isichukuliwe na adui. Ilipandishwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya: Liemba. Jina hilo ni jina la kale la ziwa hili upande wa kusini. Chuma ni kile kile. Lakini meli iliyoitwa kwa jina la mtawala ilidumu mwaka mmoja, na meli iliyoitwa kwa jina la maji ikawachukua babu zetu, baba zetu na mizigo yao kwa vizazi. Albertville nayo, ng'ambo yetu, ikawa Kalemie. Majina yanayobandikwa kwa nguvu huondoka na nguvu hiyo.

Mali ya Abdulla

Mpaka hapa tumesema juu ya majina ya watu wakubwa. Tuje sasa kwa mfanyabiashara wa kawaida, maana ndiye anayefanana na wanafunzi wetu. Mwaka 1887 duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza kazi Mombasa. Duka lilijulikana zaidi kwa jina la Abdulla, na kanga zake zilitiwa alama ya herufi K.H.E. pamoja na maneno *Mali ya Abdulla*. Herufi tatu na maneno matatu tu. Hakuna picha ya kutisha wala sifa ya kujisifu. Asiyejua kusoma aliweza kulitambua umbo la maandishi, na ajuaye kusoma alijua bidhaa ni ya nani na alalamike kwa nani ikichujuka.

Tena katika kanga yamo maandishi mengine, yale ya methali na mafumbo, nayo Waswahili huyaita *jina*. Mnunuzi huuliza, "Jina lake nini?" kabla ya kuuliza bei. Hivyo nguo moja hubeba majina mawili: la mwuzaji, lisilobadilika miaka nenda miaka rudi, na la nguo yenyewe, ambalo mvaaji amelichagua ili aseme lake. Hatudhani kwamba pana somo bora zaidi la kumpa kijana anayetaka nembo: alama yako iwe fupi na isibadilike, na bidhaa yako imwachie mnunuzi nafasi ya kusema neno lake.

Watunzi wetu nao walikuwa na desturi kama hiyo. Mashairi yalikwenda kwa mdomo, na karatasi hupotea. Kwa hiyo mtunzi alilitia jina lake, au jina la mji wake, ndani ya ubeti wa mwisho. Aliyelikariri shairi alimkariri na mwenyewe.

Jina la Mswahili nchini Burundi

Liko jina moja ambalo sisi walimu hatuwezi kulipita kimya, nalo ni jina letu wenyewe. Waislamu na wasemaji wa Kiswahili waliokaa Rumonge, Nyanza-Lac, Gitega na Usumbura waliitwa Waswahili, wawe wametoka Manyema, Ujiji, Unguja au hapa hapa Burundi. Wajerumani waliitumia lugha hii katika utawala wao. Wabelgiji walipoishika nchi mwaka 1916 mambo yakageuka. Waswahili wa Usumbura walitengewa mtaa wao, ambao leo ni Buyenzi, na kwa wengi lugha yao ikaonekana lugha ya sokoni na ya dini ngeni. Katika Kirundi neno lenyewe likaja kubeba, pamoja na maana ya Mwislamu au mtu wa mjini, maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Hata leo wapo wanaolitumia hivyo kwa mzaha, na wapo wanafunzi wanaouonea haya usemi wao mbele ya wenzao.

Tukiuliza jina hili liliharibikaje, jibu halitakuwa moja. Kumbukumbu za akina Rumaliza zimo. Hila za mizani na vipimo katika soko lolote zimo. Chuki za watawala zimo pia. Wengi waliobebeshwa lawama hawakumteka mtu wala kumpunja mtu. Ndiyo hatari ya jina la jumla: hulipwa na wote kwa deni la wachache.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikaingia katika masomo ya shule za msingi. Mwaka 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mambo hayo ni makubwa, nasi tunayafurahia. Lakini siku ya kusherehekea ni bendera ya kirangozi. Inatangaza tu kwamba kuna msafara. Kama jina la Mswahili litasafika hapa mwambaoni, litasafishwa na mwalimu anayefika kwa wakati, na mwuza ndagala ambaye kipimo chake ni kile kile asubuhi na jioni.

Mafunzo

Kutokana na historia hii twaweza kuwashauri wanafunzi wetu mambo manne.

Kwanza, wachague jina ambalo mvuvi wa Kabonga na mchuuzi wa Kigoma wote watalitamka bila kufundishwa. Jina lisilotamkika halitasafiri.

Pili, alama iwe nyepesi, itambulikane na asiyejua kusoma, na ikishachaguliwa isibadilishwe kila msimu.

Tatu, wasijipe sifa katika jina. Sifa ni ya kupewa. Methali yasema, *chema chajiuza, kibaya chajitembeza*. Nasi tunaongeza kwamba chema nacho chahitaji kutambulikana, na hiyo ndiyo kazi ya nembo, wala haina kazi nyingine zaidi.

Nne, wakumbuke maana ya zamani ya neno nembo. Iliyochanjwa katika ngozi haifutiki. Mwenye kutia jina lake juu ya dumu la mawese ameweka uso wake juu ya dumu hilo, na mafuta yakiwa yamechanganywa maji, ni uso wake utakaokumbukwa.

Kwa darasa tunapendekeza zoezi hili. Kila mwanafunzi aulize nyumbani au gatini lakabu za wazee watatu wa mahali pake, na majina ya mitumbwi mitatu. Aandike nani alitoa jina, kwa sababu gani, na kama mwenyewe alilipenda. Kazi hizo zisomwe kwa sauti. Baada ya hapo ndipo waruhusiwe kuchora nembo zao.